Folda Iliyoitwa Zamani

Mama yake alipiga simu kutoka deltani. "Mwanangu, sisimizi wanapanda ukutani na mayai yao. Huo mtambo wenu unasemaje?"

Swaumu alitazama kompyuta ya ofisi yao ya tahadhari ya mafuriko, Kibiti, inayoonyesha kina cha mto. "Mto umetulia, mama. Lala zako."

"Nilale miguu ikiwa majini?"

Asubuhi Swaumu alikuwa amefuta folda ya programu iliyoitwa "zamani". Alibakiza "mpya", "mpya2" na "mpya_kweli", maana kila fundi aliweka toleo lake na kulibandika jina alilopenda.

Sasa aliiona saa ya kipimo cha mwisho kwenye skrini. Ilikuwa imeganda tangu alipofuta. Kumbe mtambo ulikuwa ukiitegemea ile ya zamani.

Kabla hajafumbua mdomo, kompyuta ikatuma yenyewe ujumbe wake wa kila jioni kwenye simu zote za deltani: "Mto umetulia. Laleni salama."