Koleo la Daktari Lukindo

Mkaguzi wa afya Tunu aliinua koleo la kung'olea meno, akalifungua kwenye mwanga wa dirishani. Kwenye maungio yake palikuwa na damu iliyokauka.

"Mashine ya kuchemshia vifaa imeharibika," alisema Daktari Lukindo. "Nimeliosha kwa sabuni. Mji mzima hauna daktari mwingine wa meno, dada. Ukinifungia kliniki, hawa waende wapi?"

Wagonjwa waliojaa mlangoni, mashavu yamewavimba, wakamuunga mkono.

"Mwache atutibu," mmoja alifoka. "Wewe huumwi."

Tunu aliogopa, maana alikuwa peke yake na wao walikuwa wameziba njia ya kutokea. Hata hivyo hakulirudisha koleo kwenye sinia.

"Kama ni safi, sitafunga," alisema. "Daktari, panua mdomo. Nilipitishe kwenye ufizi wako kwanza, hapa mbele yao."

Daktari alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, midomo ameibana.

Kelele za mlangoni zilikatika. Bibi mmoja, aliyekuwa kwenye kiti cha matibabu kinywa wazi akisubiri kung'olewa jino, alikifumba polepole, akaanza kufungua kitambaa alichofungwa shingoni.