Vidole vya Saumu

Siku hizi maiti hazikwi mpaka ustadi wa vidole vyake upate mrithi. Mzee Chambuso aliurithi wa binti yake Saumu, mpiga gitaa, pamoja na kasoro yake: kila alipohamia mkao wa kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote sita, uzi wa pili ulikwaruza. Alionywa asipige mno, maana mazoezi yake yangefuta ya marehemu. Lakini kila asubuhi mkewe, akipepeta mchele, alimsihi, "Baba Saumu, hebu niitie mwanangu."

Naye angemnyimaje?

Leo alihamia mkao ule mara tatu, na mara zote tatu nyuzi zililia safi.

Ungo ukatulia mikononi mwa mkewe.

"Sasa huyo ni nani?" akauliza.