Shubiri Isiyo na Uchungu

Siku hizo kila mmea wa nyumbani ulipitishwa kwenye mtambo wa mtaa. Mtambo uliukamua dawa yote kwa maji matupu, bila moshi wala sumu, kisha mmea ukarudishwa wa kijani vilevile. Aliyeupeleka alipewa matone yake ya kunywa.

Nakiete alikuwa mjamzito tena, na daktari alimtaka amwachishe mwanawe ziwa upesi. Kwa ajili hiyo alificha shubiri moja iliyopandwa koponi nyuma ya banda la kuku. Asubuhi hiyo alimwomba Mungu, akajipaka utomvu wa shubiri kwenye chuchu. Mtoto akanyonya kwa raha zake, hata uso hakukunja. Nakiete akalamba kidole. Hakikuwa na ladha yoyote.

“Mama, nani amepeleka shubiri yangu mtamboni?”

Mama mkwe akacheka. “Una maneno, mkamwana! Labda imekwenda yenyewe.”

Akainuka wima bila kushika kiuno, kwa mara ya kwanza tangu Nakiete aolewe.

“Lete mjukuu wangu nimbebe.”

“Amesinzia, mama,” alisema Nakiete, akijifunika kanga. Ndani ya kanga mtoto alikuwa macho, ananyonya.