Mtu wa Tano

"Fumie, karatasi yako iko wapi?" msimamizi aliuliza, na wanawake wote wa meza ile wakageuka.

Kila Ijumaa, kabla mashine hazijawashwa, kila mfanyakazi wa kiwanda kile cha Nagoya alitoa wazo moja la kuboresha kazi, limeandikwa karatasini. La Fumie lilikuwa mfukoni, limelowa jasho la kiganja. Alikuwa amegundua kwamba wakisogeza trei za skrubu karibu, watu wanne wangetosha kufunga mota zilizokuwa zikifungwa na watano.

Kando yake alisimama mama aliyemfundisha kazi. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimepinda kwa miaka thelathini ya kukaza skrubu, na siku hizi yeye ndiye aliyefanya kazi polepole kuliko wote.

"Sina, bosi."

"Muongo huyo!" yule mama akadakia. "Jana nimemwona akipima hatua zetu kwa kamba. Toa bwana, usitupotezee muda."

Fumie akaitoa. Msimamizi akaisoma mara mbili.

"Safi sana. Basi mmoja atakwenda ghalani kubeba makasha." Macho yake yalikuwa yameshatua kwenye kile kidole. "Nani?"

"Mimi," alisema Fumie.

"Wewe? Si ndiwe mwepesi kuliko wote?"

"Ndiyo maana, bosi. Wakiweza bila mimi, tutajua wazo linafaa."

Msimamizi akaandika jina lake.

Yule mama akamkamata mkono, akaubana mpaka ukauma.

"Nani kakutuma uende badala yangu, we mtoto?" alinong'ona, na hakuuachia hata kengele ya kuanza kazi ilipolia.