Mahujaji Ishirini na Wawili na Katibu Mmoja

Katibu Adelard alinyoosha fimbo yake mbele ya msalaba, na msafara mzima ukasimama katikati ya barabara, pale Temeke.

"Nani kawapa ruhusa ya kuandamana?"

"Hatuandamani, Ndugu Katibu. Tunahiji," Filomena alijibu. Begani alikuwa na jembe, shingoni rozari. "Leo tunalala Pugu kwa sala, kesho tunachimba kisima kijiji cha Amkeni. Si mnasema Uhuru ni Kazi? Kazi yenyewe hii inatembea kwa miguu, halafu unaizuia!"

Watu wakacheka. Katibu hakucheka. Alimjua vizuri mama huyu. Miezi minne nyuma, kwenye operesheni ya kuwaondoa mjini wasio na kazi, yeye ndiye aliyemkuta mumewe, Kasimiri, amekaa uani anachonga kinyago cha mpingo. Alimdai kadi ya mwajiri. Kasimiri akamwonyesha patasi. Jioni ileile alikuwa juu ya lori la kwenda Amkeni.

Filomena aliomba arudishiwe mume, waende zao Newala wakalime shamba la baba mkwe. Aliomba mara tisa. Mara ya tisa Katibu alimwambia kwamba Kasimiri sasa ni mali ya kijiji.

"Kwa hiyo unakwenda kumwiba," Katibu alisema.

"Nakwenda kumwona. Kumwona mume wangu nako kunataka kibali?"

"Kila kitu kinataka kibali."

Alifungua faili, akaandika: mahujaji ishirini na wawili, msimamizi mmoja. Akagonga muhuri.

"Msimamizi ni mimi. Nakwenda nanyi, narudi nanyi. Kwenye kizuizi cha mgambo tutahesabiwa ishirini na watatu. Kikizidi hata kichwa kimoja, wote mtapanda lori."

"Karibu hija, baba," Filomena alisema. "Shika jembe."

Hakushika. Alishika faili lake, akafuata nyuma.

Kesho yake huko Amkeni, kitu cha kwanza alichofanya ni kumtafuta Kasimiri. Akampata, amekonda, mikono imejaa sugu. Akamweka juu ya kichuguu.

"Utakaa hapo mpaka wageni waondoke. Nataka nikuone muda wote."

Filomena alimtazama mumewe kwa mbali, akamtazama na Katibu, kisha akatema mate viganjani na kushika jembe.

Kisima kilikuwa kimewashinda wanakijiji njiani, na watoto walikunywa maji ya bwawani pamoja na ng'ombe. Mahujaji walikuwa na desturi yao ya kuchimba: fumbo moja la rozari, mchimbaji mmoja. Ukishushwa kwa kamba, wa juu wanasali Salamu Maria zao, na hupandi mpaka sala iishe. Hata uite vipi. Walichimba mafumbo ya furaha, wakachimba ya uchungu, wakaingia ya utukufu. Udongo ukaanza kupanda umelowa.

Likabaki fumbo la mwisho. Hakuna aliyesogea.

"Hii zamu ya Katibu," alisema Bibi Sesilia, mkongwe wa msafara.

"Mimi nasimamia, bibi."

"Aah, kumbe! Kujitegemea ni kwa akina mama."

"Mwacheni jamani," Filomena alidakia. "Suti itamchafuka. Halafu kwao Bukoba kazi yao kumenya ndizi, jembe watalijulia wapi?"

Kijiji kizima kikaangua kicheko. Hapo Katibu akapandwa na hasira. Alivua kofia, akavua miwani ya jua, akavua kaunda suti yake ya kijani, akaikunja vizuri juu ya faili. Akabaki na bukta.

"Leteni kamba! Nitawaonyesha mwanaume anavyochimba."

Na haki ya Mungu, aliwaonyesha. Ndoo zilipanda zimefurika. Juu, Bibi Sesilia alimaliza Salamu Maria, akaunganisha na Litania ya Bikira Maria. Sauti ilipomkauka, wanakijiji wakampokea.

"Utuombee," walijibu kwa pamoja. "Utuombee."

Saa nane mchana mahujaji walishika njia kurudi mjini, wanaimba, miguu na nyuso vumbi tupu.

Kizuizi kilikuwa kabla ya Gongo la Mboto. Hakikuwa na habari na wanaotoka mjini. Kilisubiri wanaotoroka vijijini kurudi. Mgambo wa zamu alisoma kibali, akatembea kando ya msafara akihesabu kwa kidole.

Akasita. Mmoja alikuwa mrefu mno, amejitanda khanga hadi puani. Mgambo akaivuta khanga.

"Unatafuta mchumba, mwanangu?" aliuliza Anjelina, mjane kutoka Keko, huku akicheka kwa meno mawili aliyobaki nayo. "Umechelewa. Ungekuja mwaka wa Uhuru."

Msafara ukapasuka kwa kicheko. Mgambo akarudia hesabu kwa aibu, akaangalia chini ya mizigo, akapiga-piga makapu kwa rungu. Mahujaji ishirini na wawili kamili, msimamizi mmoja. Huko nyuma msimamizi mwenyewe, kaunda suti na miwani ya jua, alianza kugonga faili kwa kidole kama mtu anayecheleweshwa na wajinga.

"Samahani, Ndugu Katibu!" Mgambo alipiga saluti, akainua mti wa kizuizi. "Pita, mzee."

Walipokata kona, Filomena alirudi nyuma ya msafara, akamnyang'anya yule bwana faili na kulitupia vichakani.

"Kaza mwendo, Kasimiri," alisema. "Kule kisimani watakuwa wanakaribia Amina."