Matofali Mabichi

Alirudi mbio, turubai begani, filimbi mdomoni, tayari kuipuliza. Akapigwa na butwaa.

Wanafunzi wenzake wa timu ya kujitolea walimwita Dada Filimbi, kwa sababu bila pumzi yake hapakunyanyuka hata koleo. Ni yeye aliyeamuru kila mtu abebe matofali yake mwenyewe, kutoka uani hadi ndani ya darasa la chekechea, wakaishia kugongana mlangoni kama mbuzi zizini. Na wingu lilikuwa limeshatanda. Matofali mabichi yakinyeshewa yanarudi kuwa tope.

Sasa hakuna aliyekimbia. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja, na tofali lilipita mkono kwa mkono kama linaelea.

"Haya, pokea! Haya, pokea!"

Aliyewaongoza kwa sauti hiyo alikuwa yule waliyembandika jina la Bubu, ambaye kwenye mikutano hata kuitikia jina lake humtoa jasho.

Dada Filimbi alihisi ladha ya chuma ulimini. Kifua kilimjaa pumzi, na pumzi yenyewe haikuwa na kazi. Nani kawafundisha hawa?

"Dada, mlangoni kuna pengo!" Bubu alimpigia kelele. "Unangoja mwaliko?"

Aliiachia filimbi ikaning'inia kifuani, akatua turubai, akaenda akasimama kwenye pengo, akanyoosha mikono.

Tofali likamfikia likiwa na joto la viganja vyao, limejaa alama za vidole vya kila mmoja.

"Pokea!"

"Napokea," akasema, kwa sauti ya upole ambayo hawakuwahi kuisikia kwake.