Utetezi wa Muuguzi

"Miaka mitano jela, na hapo nimemhurumia," Quincy alisema akijitupa kwenye kochi. "Mtoto amekufa, Anti. Huyo nesi tutamtetea na nini?"

Nthenya alikuwa amevua viatu vyake vyeupe, vile vya watu wanaosimama kazini kutwa, na alikuwa akisugua kifundo cha mguu. Darasa zima la sheria lilimwita Anti, kwa kuwa alikuwa na miaka arobaini na minane na wao hawajatimiza ishirini na mitatu.

Ivyne alimmiminia chai. Nyumba ilikuwa yake, chumba kimoja na sebule, ghorofa ya sita Kilimani, na kwa wiki tatu hizi kikundi chao kilikuwa kikikutana hapo. Mwalimu alitaka kila kikundi kilete kesi moja itakayogusa sheria zote tatu za muhula: ya familia, ya jinai na ya tiba. Wengine walihangaika kubuni. Nthenya alikuja na yake siku ya kwanza, kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono. Mtoto wa miaka minne analazwa na nimonia. Wazazi wake hawakuoana. Muuguzi anamdunga dawa mara kumi ya kipimo, mtoto anafariki, muuguzi anashtakiwa kwa kuua bila kukusudia.

"Tuanze na familia," Ivyne alisema, macho yakimwuma kwa kusoma. "Hawakuoana, kwa hivyo baba hana sauti."

"Anayo," Nthenya alisema. "Mtoto ni wa wote wawili, sheria haiulizi pete. Baba akitaka muuguzi afungwe, hakimu atamsikiliza. Mama akitaka lingine, atasikilizwa pia."

"Lingine gani?" Quincy alicheka. "Mathe wangu akimshika huyo nesi, hata hatangoja hakimu! Haya, twende jinai. Uzembe ni uzembe."

"Watoto thelathini na wanane," Nthenya alisema polepole, kama anayesoma ukutani. "Muuguzi mmoja. Mwenzake hakuja. Yeye alikuwa zamu ya tatu mfululizo, hajaenda nyumbani, hajala. Chupa mbili zinafanana, vifuniko vyote vya buluu, moja dawa yake kali mara kumi. Alipoona alichofanya, alimkandamiza mtoto kifua mpaka mikono ikamwishia nguvu. Kisha akasema, 'Nimekosea dawa.' Hakuna aliyemuuliza. Alisema mwenyewe."

Ivyne aliweka kalamu chini.

"Hayo hayako kwa karatasi, Anti."

"Hayako."

"Ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa."

Huko chini gari lilipiga honi langoni, likapiga tena. Quincy aliketi wima.

"Basi hii kesi si ya kubuni," Ivyne alisema.

"Ina miaka mitatu. Mara hakimu mgonjwa, mara faili halionekani, mara wakili yuko Mombasa. Nimechoka, Ivyne. Niliingia darasa hili nielewe tu wanachosemezana pale mbele. Kesho saa tatu, korti ya Milimani, ndiyo adhabu. Ama gereza, ama nyumbani. Tutapewa nafasi ya kusema kidogo. Baba ya mtoto ataomba jela. Na mimi nikisimama, sijui hata nitaanzia wapi."

"Anti, pole," Quincy alisema. Masikio yake yalikuwa yamewaka. "Nimeropoka. Sikujua ni..."

"Umesema wanavyosema watu wote. Ndiyo maana nimewaletea. Nilitaka yale mabaya niyasikie hapa kwanza."

Jioni ile hawakugusa tena kazi ya mwalimu. Quincy, aliyetaka miaka mitano, sasa ndiye aliyehangaika kuliko wote.

"Usianze na uchovu wa kazi," alimwambia. "Hakimu atasema ni kisingizio. Anza na vile ukweli ulisemwa bila kulazimishwa. Watoto thelathini na wanane uwaweke mwisho."

"Na usilie," Ivyne aliongeza. "Ukilia hawatasikia maneno."

"Machozi yaliisha mwaka wa kwanza," Nthenya alisema. Aliandika sentensi saba, akafuta mbili.

Ivyne alimsindikiza hadi kwenye lifti. Alitafuta neno la kumwambia mtu mzima aliye katika shida kama ile, akapata moja tu.

"Hukukusudia, Anti. Hakimu ataliona hilo."

Nthenya alimtazama kama mtu anayetaka kusahihisha jambo. Kisha uchovu ukamshinda, akaingia kwenye lifti.

Kesho yake, Ijumaa, Ivyne na Quincy walifika mahakamani mapema, wakaketi benchi la nyuma ili Nthenya asijione peke yake. Chumba kilikuwa kimejaa watu wa kesi nyingine, na waliosimama waliwazibia kizimba kisionekane. Karani alisoma nambari ya faili. Baba wa mtoto alitangulia kusema. Sauti yake ilikatika mara mbili. Aliomba kifungo kirefu kuliko vyote ambavyo sheria inaruhusu, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Ivyne alishika mkono wa Quincy.

Hakimu aliandika, akafungua ukurasa mwingine.

"Mshtakiwa, simama."

Watu walisogea kidogo. Kizimbani aliinuka msichana mwembamba, aliyemzidi Ivyne miaka michache tu, akashikilia ubao kwa mikono miwili.

"Kabla sijatoa adhabu," hakimu alisema, "mama wa marehemu yuko?"

Kwenye benchi la mbele, Nthenya alisimama.

"Niko, Mheshimiwa. Naomba asifungwe."